Mjomba Nje ya Seng'enge

Nilipokuwa na kazi Nachingwea sikuwahi kujiuliza mtu akiugua anapelekwa wapi. Kampuni iliyotuajiri kufyeka msitu kwa ajili ya mashamba ya karanga ilikuwa na hospitali yake, majengo marefu ya mabati yaliyozungushiwa seng'enge, na mwenye kipande, yaani ile kadi ya kazi, aliingia humo kama anayeingia kwake. Mke wangu alijifungulia pale mtoto wetu wa kwanza, wa kike. Mimi nilikuwa utingo wa katapila. Nilitembea nyuma ya mashine na panga mkononi, nikikata mizizi iliyobaki, nikijaza mafuta na kupenga vumbi jekundu puani. Mwili ukichemka jioni, kesho yake nilimeza vidonge vya bure na kurudi kazini. Niliona ni jambo la kawaida, kama posho ya unga.

Kisha karanga zikakataa. Ardhi ya kule ikikauka huwa ngumu kama sakafu, na mvua ilikuja ilivyotaka yenyewe. Mashine zikaanza kusimama moja moja, kutu ikazipanda. Asubuhi moja mnyapara alitupanga mstari, akazunguka na ndoo, kila mtu akatumbukiza kipande chake, kazi ikawa imekwisha. Nilitumbukiza changu bila uchungu. Kwa kweli nilifurahi kidogo, maana nilikuwa nimechoka na ngurumo za katapila na nilitaka kulima changu.

Tukarudi Chunyu, upande wa Ruangwa, ukweni kwangu. Sisi Wamwera mume huhamia kwa mkewe, na watoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye kauli juu yao ni mjomba wao, kaka wa mama. Baba huwalisha na kuwapenda, lakini kwenye mambo makubwa husubiri kuambiwa. Sikuwa na ugomvi na hilo. Shemeji yangu alikuwa mtu mzito wa maneno, mwenye haki, na alinigawia kipande kizuri cha ardhi. Nikalima mtama, muhogo na ufuta, nikapanda na mikorosho michache. Miaka ikapita. Mke wangu akajifungua tena, mara hii nyumbani, mtoto wa kiume, na binti yangu akawa mkubwa wa kutosha kubeba kibuyu cha maji kichwani na kumwimbia mdogo wake.

Msimu wa kuvuna ufuta ndipo alipojikwaa. Alijigonga muundi kwenye kisiki, jambo linalompata kila mtoto wa shamba. Alilia kidogo, akasugua, akaendelea kucheza. Baada ya siku kadhaa akaamka na homa, na mguu umevimba kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Ngozi ilikuwa imekaza na kung'aa. Ukiweka kiganja juu yake ulihisi joto kabla hujamgusa. Yeye ambaye hakuwa mtoto wa kulialia alianza kupiga kelele mtu akipita karibu na mkeka wake, kwa kuogopa kutikiswa tu.

Nilimbeba mgongoni hadi dispensari ya Ruangwa. Dresa wa pale alikuwa mzee mpole, mikono yake ikinuka dawa ya vidonda. Aliubonyeza mguu taratibu, akaunusa, kisha akaniita pembeni. Akasema usaha haukuwa kwenye nyama, ulikuwa ndani ya mfupa. Yeye alikuwa na dawa ya malaria, ya minyoo, ya macho na ya vidonda vya juu. Mtoto huyu alihitaji sindano za penisilini na kisu cha daktari, na vitu hivyo vilikuwa Lindi kwa serikali, au Nachingwea kwa kampuni. Alimpa vidonge vya homa, akanisihi nisichelewe.

Niliporudi nyumbani nilimweleza shemeji. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema Lindi ni mbali, nauli ya lori hatuna, ufuta haujauzwa, na mtoto ambaye hawezi kuguswa atasafirishwaje juu ya magunia? Kuna mganga aliyewahi kumponya yeye mwenyewe mkono. Tuanze hapo. Kauli haikuwa yangu.

Sitaki kumsema vibaya mganga yule. Alikuja mwenyewe, akalala kwetu, akachanja, akapaka dawa, akafunga majani yaliyokuwa yakivuta joto. Siku chache mtoto alipata nafuu, hata akaomba uji. Halafu ngozi ikapasuka mahali pawili na usaha ukaanza kutoka, mzito, wenye harufu iliyojaa nyumba nzima. Mganga aliutazama asubuhi moja kwa muda mrefu. Akafunga mkoba wake. Akamwambia shemeji kwamba huu haukuwa ugonjwa wake, na kwamba hangepokea chochote.

Hapo shemeji akaniangalia na kusema, "Mpeleke ulikokuwa ukifanya kazi. Wewe unawajua wale."

Nilikuwa nikiwajua, ni kweli. Nilidhani na wao wananijua mimi.

Jirani alinipa baiskeli yake. Nilifunga mguu wa mtoto kwa vipande vya mianzi ili usipinde, nikamkalisha kwenye keria juu ya mto wa pamba ya msufi, nikamfunga kwangu kwa kanga ya mama yake. Mke wangu alibaki na mtoto mchanga. Sikupanda ile baiskeli. Niliisukuma, maana kila jiwe lilimpitia kwenye mfupa. Tulilala njiani kwa watu tusiowajua, waliotupa muhogo wa kuchemsha na mahali pa kulala, wakatufungulia mlango alfajiri. Njia nzima aliniuliza kama katapila bado zipo. Nilimwambia zipo. Nilitaka awe na kitu cha kutazamia.

Pale getini palikuwa na karani kijana, mwenye kaptula iliyonyooshwa vizuri. Aliniomba kipande. Nikamwambia nilikuwa utingo, nikamtajia mnyapara wangu, nikamwonyesha kovu la mkono nililolipata kazini na kushonwa humo humo ndani. Hakunifokea. Alinieleza kwa upole kwamba vitanda ni vya waliopo kazini, na wake zao, na watoto wao, mimi nilishatoka. Nikamwambia nitafagia, nitapasua kuni, nitachota maji, chochote. Alisema hata vibarua wa kutwa familia zao hazipokelewi. Daktari wa Kizungu alipotoka na gari lake, karani alimkimbilia akamsemesha dirishani. Daktari alimtazama binti yangu. Sitasahau kwamba alimtazama sawasawa, si kwa haraka. Akasema maneno machache na gari likaondoka. Karani akarudi akanitafsiria: amri si yake, inatoka juu, mpeleke Lindi.

Nilimsogeza mtoto kivulini, nikakaa kando ya barabara. Ndani ya seng'enge wagonjwa walikuwa wakitembea barazani na mashuka meupe mabegani. Dawa ilikuwa pale, nasikia na harufu yake. Sikuwa hata na hasira. Hasira inahitaji mtu wa kuelekezewa, nami sikumwona.

Ndipo akapita Mngoni mmoja niliyefanya naye kazi zamani. Yeye hakupunguzwa, alikuwa dereva, na madereva walihitajika bado. Wangoni na sisi ni watani. Zamani babu zao walikuwa wakishuka kutoka Songea kutuvamia, na siku hizi deni la vita hulipwa kwa masihara. Tangu aliponiona kwa mbali alianza kupiga kelele kwamba mtumwa wake aliyetoroka amerudi. Alipofika karibu na kuuona ule mguu, akachuchumaa.

Nilimweleza. Akachora chini kwa kijiti. Mwisho akasema, "Mimi nimeandikishwa nina mke na mtoto. Wako Songea, hawajawahi kuja huku. Hawa hawamjui mtoto wangu kwa sura."

Nilimwelewa, lakini nilitaka alimalize mwenyewe.

"Babu zangu walikuja na mikuki kuchukua watoto wenu," akasema. "Mimi unaniletea mwenyewe. Nipe."

Nilimwinamia binti yangu, nikamwambia kwamba tangu sasa huyu ndiye baba, na mimi ni mjomba. Akiulizwa na yeyote ndani, ajibu hivyo. Nilitegemea angekataa, au angeuliza kwa nini. Homa ilikuwa imemlegeza. Alimtazama Mngoni, akanitazama mimi, akaitikia kwa kichwa. Mtani wangu akambeba, akapita naye getini, na yule karani akainua macho, akanitazama mimi nje, akamtazama mtoto, kisha akainamisha macho kwenye karatasi zake na kuandika. Nadhani alijua. Sijui kwa nini hakusema.

Walimlaza. Walimpiga sindano. Nilipewa mahali pa kulala kwenye chumba cha mtani wangu kambini, nikawa nampikia na kumfulia, na kila alasiri nilikwenda kwenye seng'enge. Aliyekuwa akiruhusiwa kuingia ni mzazi tu. Ndugu wengine walisimama nje, na mgonjwa akiweza alitolewa barazani wapungiane mikono. Nesi alimtoa binti yangu, akamkalisha kwenye kiti, akamwambia, "Baba yako amekuja," naye akamnyooshea mikono Mngoni. Alifanya kama nilivyomfundisha. Alilifanya vizuri mno. Mimi nikapiga makofi nje ya waya na kumwita, naye akajibu, "Shikamoo, mjomba," kwa sauti ya heshima, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Nilimwitikia marahaba. Nilirudi kambini nikasonga ugali na sikuweza kuula.

Homa ilishuka, lakini usaha haukukoma. Siku moja mtani alitoka ndani kabla ya wakati, akaja mpaka kwenye waya, uso wake hauna masihara hata kidogo.

"Wanataka kuupasua," akasema. "Mfupa umekufa ndani, wanataka kuutoa. Wakikuta umeoza wote, watakata hapa, juu ya goti. Wananidai dole gumba la ruhusa kwenye karatasi."

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia naenda chooni. Mimi si baba yake, ndugu yangu. Sema wewe."

Nilishika waya kwa mikono miwili. Kwa desturi yetu hata mimi sikuwa wa kusema. Kumkata mtoto kiungo bila mjomba wake kujua ni jambo ambalo ukoo unaweza kulikalia kikao miaka na miaka. Mwenye kauli alikuwa Chunyu akipura ufuta. Aliyetakiwa kuweka dole alikuwa mtu wa Songea. Na mimi, niliyemzaa, nilikuwa nimesimama nje nikiitwa mjomba. Nikamuuliza kama wanaweza kungoja nimtumie mtu Chunyu. Akasema daktari anataka kesho asubuhi. Nikamuuliza wasipompasua atakuwaje. Akatazama chini.

"Weka dole," nikasema.

"Hata wakikata?"

Nikamwashiria kwa kichwa aende, naye akaenda, akijifuta kile kidole kwenye suruali kana kwamba tayari kina wino.

Kesho yake nilikuwa pale tangu jua halijatoka. Sikujua chumba cha kupasulia kiko upande gani, kwa hiyo nilizunguka seng'enge yote, nikasimama hapa, nikasimama pale. Niliona moshi wa jikoni. Niliona mwanamke akianika mashuka. Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani ni wenyewe. Nilijaribu kusoma dua nikawa nazichanganya, nikabaki natamka Mungu, Mungu, basi. Jua lilikuwa juu kabisa mtani alipotokea. Hakungoja afike, aliinua mguu wake mwenyewe juu, akiwa bado mbali, akaupigapiga kwa kiganja. Mguu upo. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Walikuwa wametoa kipande cha mfupa kirefu kama kidole changu cha kati, alisema. Walisema wataupasua tena baadaye kuusafisha, kisha watamwekea plasta ngumu, na kwa muda atembelee magongo. Walikuwa na matumaini. Nami nikayapata. Nilimtuma mtu Chunyu na habari, na mke wangu akafunga safari na mtoto mgongoni.

Hakuwahi kumkuta hospitali. Kabla hajafika, ndoo ilizunguka tena. Safari hii ilikuwa zamu ya madereva. Mashine zilizobaki zilikuwa zinauzwa na kambi zinafungwa. Mtani wangu alisimama kwenye mstari, akatumbukiza kipande chake, na kwa kitendo hicho binti yangu naye akawa ametoka kazini. Alikwenda kuwaomba wambakize mtoto mpaka apasuliwe mara ya pili. Nilimwona kwa mbali akizungumza, kofia mkononi. Walimwambia hata nusu ya wodi hiyo inafungwa na daktari mwenyewe anaondoka. Nesi alitufungia bandeji katika gazeti na dawa ya kusafishia katika chupa. Kidonda kilikuwa bado wazi, kimejazwa kitambaa.

Tuliagana barabarani, lori la kwenda Songea likiwa linanguruma. Binti yangu alikuwa ameshazoea, akamwita baba mbele yangu, ingawa hapakuwa na mtu wa kudanganywa tena. Mngoni akaniambia, "Nimekukopesha tu, mtumwa wangu. Mlishe vizuri." Akapanda. Sikuwahi kumwona tena, wala sijui kama yuko hai.

Mke wangu alitukuta kwa mwenye chumba mmoja kambini. Alifungua bandeji, akatazama, akafunga. Akasema, "Kwa mapadri."

Hilo ndilo jambo tulilokuwa tukilikwepa. Hospitali ya misheni ilikuwapo, na ilijulikana kwamba haimfukuzi mtu. Lakini sisi ni Waislamu, na ukweni kwangu walikuwa wakisema anayelala kule huamka na jina jingine. Mke wangu alikuwa akilisema hilo kuliko wote. Siku ile hakulitaja. Alijifunga mtoto mchanga, akashika keria upande mmoja nami usukani, tukasukuma.

Sista aliyetupokea alikuwa Mzungu mwenye Kiswahili cha kukatikakatika, na pale pale mlangoni, kabla hatujasema lolote, alimwambia mke wangu kwamba hakuna atakayetuuliza dini. Malipo yalikuwa alichonacho mtu. Sikuwa na kitu, kwa hiyo walinipa kazi ya kubeba matofali ya jengo walilokuwa wakiliongeza. Nilibeba matofali hayo kwa moyo wote. Angalau mikono yangu ilikuwa na la kufanya. Mke wangu alilala chini ya kitanda cha mtoto, akifunika kichwa wakati wa sala zao, na hakuna aliyemsumbua.

Sista alisafisha kile kidonda asubuhi na jioni kwa muda wa majuma mengi. Kikawa chekundu, kikawa kidogo, kikafunga. Binti yangu akaanza kusimama. Mguu ulikuwa umebaki mfupi na umepinda kidogo kwa nje, lakini ulikuwa wake. Siku ya kuondoka nilimuuliza sista kama amepona. Alifikiri namna ya kulisema. Akaniambia kwamba ndani bado kuna vipande vidogo vya mfupa mbovu, na mfupa mbovu hautulii. Utatafuta njia ya kutoka, huenda mwaka huu, huenda baada ya miaka. Yeye hakuwa na mashine ya kuvitazama wala daktari wa kuvitoa. Dar es Salaam wanaye. Nikamshukuru. Dar es Salaam kwangu ilikuwa ni jina tu.

Tulipofika Chunyu, shemeji aliukagua ule mguu kwa utulivu, akapitisha kidole kwenye kovu refu. Akauliza nani alitoa ruhusa ya kisu. Nikamweleza ukweli wote: kwamba aliyeweka dole ni Mngoni. Wazee waliokuwapo wakageuka kumtazama shemeji. Mtu hamkasirikii mtani wake; mtani akikuibia kuku hucheka na mwenye kuku hucheka. Ikawa wazi kwamba hana pa kuipeleka hasira yake. Mwisho akasema Wangoni hawajaacha tabia zao, na watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Sista alisema kweli. Kila baada ya mvua kadhaa kovu huvimba, huwa jekundu, kisha hufunguka mahali padogo kama tundu la sindano. Mara moja kimetoka kijipande cheupe, chepesi kama gamba la yai. Nimempeleka kwa dresa, nimempeleka kwa mapadri, na kila mahali wamenipa walichonacho, na kila mahali wamenielekeza mbele zaidi ya ninapoweza kufika. Ameshaingia unyago na kutoka. Analima, akisimamia mguu mmoja zaidi ya mwingine, na jembe lake limekatwa mpini ufae urefu wake. Wachumba wamekuja, wakatazama mwendo wake, wakaondoka kwa adabu.

Kidonda kikifunguka mimi ndiye ninayekiosha. Nachemsha maji, natia chumvi, nangoja yapoe kidogo. Yeye huuma pindo la kanga na kutazama upande wa shamba. Nikishafunga kitambaa hakuna jingine ninalolijua, lakini siinuki upesi. Nabaki nimekaa na mguu wake mapajani mwangu mpaka aseme mwenyewe, "Baba, umeshamaliza."